Jiwe la mpaka kwenye bustani yetu: je, kanisa lina haki na ardhi hii?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mke wangu ni Watanzania, watu wa Kilimanjaro, na tunaishi Uingereza katika mji mdogo wa kusini. Mwaka jana Mungu alitusaidia tukanunua nyumba. Mwisho wa bustani, kwenye kona, kuna jiwe la kijivu linalofika magotini. Limechongwa herufi St M P na mwaka 1821. Fundi wa uzio alitushauri tuling'oe ili uzio mpya unyooke. Kabla hatujaamua, tumepata barua ya kasisi wa kanisa la Kianglikana la hapa. Anaomba Alhamisi ya Kupaa watu wake wapite kwenye bustani yetu na watoto walipige jiwe hilo kwa fimbo. Kijana wetu wa miaka tisa anasoma shule ya kanisa hilo, naye amealikwa. Mke wangu anasema hili ni tambiko. Mimi naogopa zaidi ardhi, kwa sababu kwetu ukiona kundi la watu limekuja kusimama kwenye mpaka wako, ujue kuna kesi. Halafu mzee mmoja Mwingereza ninayefanya naye kazi amecheka, akasema zamani walichapwa watoto, wala si mawe. Je, kanisa lina haki juu ya ardhi yetu? Tunaweza kukataa? Na mtoto aende?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongereni kwa nyumba. Nianze na ardhi, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Kisha nitakuja kwenye hoja ya shemeji, na kijana tutamzungumza kwa nafasi yake. Kwa kifupi, jiwe hilo halimpi kasisi hata shubiri moja ya bustani yenu, kundi linalokuja halina kesi na wewe, na mtoto hatachapwa. Ila fundi asiliguse jiwe kwa sasa.

Ulikokulia, masale yaliyopandwa mpakani hutenga kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mtu na cha jirani yake, na mwenye kuyang'oa ameuanza ugomvi wa ukoo. Ndiyo maana barua ya kasisi imekushtua. Lakini jiwe lenu halikuwekwa kati ya shamba na shamba. Liliwekwa kati ya parokia na parokia, yaani kati ya eneo zima la kanisa moja, pamoja na nyumba, mashamba, barabara na watu wake, na eneo la kanisa la pili. St ni Mtakatifu, M ni jina lake, labda Maria, Mikaeli au Martin, na P ni parokia. Mwaka 1821 kwa kawaida ni mwaka ambao wazee wa kanisa walilisimamisha jiwe au walilikagua. Zunguka nyuma yake, ondoa majani na ukoga, utazame upande wa pili. Mara nyingi huko huwa kuna herufi za parokia jirani. Mtu wa zamani aliweza kuwa na shamba linalopita pande zote mbili za jiwe kama hilo na lote likabaki lake. Kilichobadilika alipovuka jiwe ni nani anamdai nini.

Na hayo madai hayakuwa madogo. Kwa karne nyingi parokia ya Uingereza ilikuwa serikali ya mtaa pamoja na kuwa mahali pa ibada. Mkulima alitoa zaka, sehemu ya kumi ya mavuno, kwa kasisi wa parokia ambamo shamba lake lilikuwamo. Sheria ya 1555 iliwabebesha wanaparokia matengenezo ya barabara zilizopita kwao. Sheria ya 1601 iliiagiza kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye nyumba na mashamba. Sheria ya 1662 ikakaza zaidi. Mtu aliyeishiwa alikuwa na haki ya kusaidiwa na parokia yake tu, na mgeni aliyeonekana kuwa atakuja kuwa mzigo aliweza kurudishwa alikotoka kwa amri ya mahakimu.

Tazama maana yake kwa mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alimozaliwa, na parokia hiyo ndiyo iliyomlisha akikosa wa kumlisha. Basi msichana mjamzito asiye na mume, akiwa njiani kutafuta kazi au kurudi kwao, alionekana na wazee wa parokia kama gharama ya miaka mingi inayokuja kwa miguu. Vitabu vya hesabu vya parokia vimehifadhi malipo waliyopewa watu kwa kumsindikiza mwanamke wa namna hiyo hadi ng'ambo ya mpaka, wengine siku zao zikiwa zimekaribia kabisa, ili ajifungulie kwa jirani. Nikiona jiwe kama lenu, huyo mwanamke ndiye wa kwanza kunijia akilini, kabla ya kasisi na kabla ya zaka. Mstari ule uliamua nani atalishwa na nani atafukuzwa, na watu waliugombania kwa nguvu zote.

Sasa mpaka wenye uzito huo uliandikwa wapi? Parokia nyingi hazikuwa na ramani ya kuaminika hadi karne ya 19. Kilichokuwepo ni maneno, kama yale yaliyomo kwenye hati za Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale, kabla ya 1066: toka kwenye mti wa miiba hadi mtaro wa zamani, fuata kijito hadi kivukoni, panda hadi kwenye kilima. Mti hufa, kijito huhama njia, na mwenye tamaa husogeza jiwe usiku. Wengi hawakujua kusoma, hivyo hata maneno hayo yakiandikwa yalibaki sandukuni kanisani. Dawa waliyoipata ilikuwa kuutembea mpaka wote, wazee na watoto pamoja, na kuurudia baada ya muda, mahali pengine kila mwaka, pengine kila baada ya miaka mitatu au saba.

Walitembea siku tatu za kuomba zinazotangulia Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, au Alhamisi yenyewe. Kwa kuwa Pasaka huhama, siku hizo huangukia kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, wakati mazao ya Uingereza yamechipua lakini hayajakomaa, na kila mtu ana la kuomba. Kasisi alitangulia na wazee wa kanisa, wakafuata wenye mashamba, na wavulana wakabeba fimbo ndefu za mwerebi zilizomenywa gome zikawa nyeupe. Kwenye kila alama, iwe jiwe, mti au kona ya ukuta, walisimama. Injili ilisomwa, mazao yakaombewa, na wavulana wakaipiga alama kwa fimbo zao. Kaskazini mwa London kuna mtaa unaoitwa Gospel Oak, kutokana na mwaloni uliosimama mpakani mwa parokia za Hampstead na St Pancras, ambapo Injili ilisomwa siku hiyo. Mwaloni wenyewe ulishatoweka zamani, jina limebaki hadi kwenye kituo cha treni. Njiani palikuwa na mikate, jibini na pombe kwa gharama ya kanisa, na baadhi ya vitabu vya hesabu vinaonyesha kuwa bili ya pombe ilizua manung'uniko kuliko jambo lolote jingine la siku hiyo.

Mstari ulifuatwa popote ulipopita. Kama mtu alijenga nyumba juu ya mpaka, walipita ndani yake, na pengine mvulana aliingizwa dirishani akatokea upande wa pili. Mahakama za Uingereza zilikubali tangu mwishoni mwa karne ya 16 kwamba wanaparokia wana haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu kwa ajili ya matembezi hayo. Mwaka 1837 mahakama ikaibana haki hiyo: haikuwahusu wenye nyumba isiyo kwenye mstari wenyewe. Nitalirudia hili tukifika kwenye swali lako la kukataa.

Kuhusu watoto, mzee wako wa kazini hakukudanganya, ila amechanganya nyakati. Katika karne ya 17, ya 18 na hata sehemu ya karne ya 19, kwenye baadhi ya parokia mvulana aliinuliwa akagongeshwa makalio kwenye jiwe, au akapinduliwa kichwa chini kikagusishwa jiwe, au akatupwa kijitoni mpaka ulipofuata maji. Wengine walichapwa hasa. Baada ya hapo mtoto alipewa senti au keki. Sababu waliitaja wazi: akumbuke. Mtoto wa miaka tisa aliyeumia mahali fulani angeweza kupaonyesha mahali hapo miaka sitini baadaye. Na kweli, parokia mbili zilipofikishana mahakamani, mashahidi waliotafutwa walikuwa wazee wa kijiji, wakaeleza walipotembezwa wakiwa wadogo, nani alikuwepo na walifanywa nini pale. Sheria ya ushahidi ya Uingereza, ambayo kwa kawaida haitaki maneno ya kusikia, iliyakubali kwenye mipaka ya parokia hata yale ambayo shahidi aliyasikia kwa wazee waliokwisha kufa.

Wako Waingereza wanaolisimulia hili kama kichekesho cha zamani. Mimi silioni hivyo. Kumuumiza mtoto ili mwili wake uwe daftari la kijiji ni ukatili, na kwamba njia hiyo ilifanya kazi hakuufuti ukatili wake. Ninachokiheshimu katika desturi ile ni sehemu yake ya pili: mzee kuliko wote na mdogo kuliko wote walitembea njia moja siku moja, na mzee alijua anayakabidhi aliyonayo.

Tuje kwa shemeji. Wasiwasi wake una msingi, na nisingependa aupuuze kwa kuambiwa tu kuwa ni mila. Warumi wa kale walikuwa na mungu wa mipaka, Terminus, na sikukuu yake tarehe 23 Februari, ambapo majirani walikutana kwenye jiwe la mpaka na kutoa sadaka. Yapo maandamano mengine ya Kirumi ya kuzunguka mashamba. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Wakristo wa mwanzo waliikuta tabia hiyo ya kuzunguka mashamba wakaipa maombi mapya. Siku tatu za kuomba kabla ya Kupaa zilianzishwa na askofu Mamertus wa Vienne, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, karibu na mwaka 470, wakati mji wake ulipokumbwa na maafa. Uingereza, mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Clovesho wa mwaka 747 uliagiza zishikwe. Katika Zama za Kati watu walitembea na misalaba, bendera, kengele na masalia ya watakatifu, na wengi waliamini kuwa kelele na maji ya baraka huwafukuza pepo mashambani. Shemeji angeyaona hayo, asingekosea kuuliza maswali.

Lakini hayo ndiyo hasa yaliyoondolewa na Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1547, chini ya mfalme Edward wa Sita, maandamano ya kanisa yalipigwa marufuku. Mwaka 1559 malkia Elizabeth wa Kwanza aliyaruhusu haya peke yake, kwa masharti: kasisi atembee na watu wa heshima wa parokia, bila bendera wala kengele, wamshukuru Mungu kwa mazao, waseme zaburi inayoanza Ee nafsi yangu umhimidi Bwana, na kasisi awakumbushe watu neno la Kumbukumbu la Torati 27:17, Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Watu waliitikia Amina, kama andiko lenyewe linavyoagiza. Kasisi na mshairi George Herbert, aliyefariki mwaka 1633, aliitetea desturi hiyo kwa sababu nne: kumwomba Mungu baraka za mashamba, kulinda haki katika mipaka, kuwapatanisha majirani kwa kutembea pamoja, na kuwagawia maskini. Aliyekuwa amegombana na jirani yake alitarajiwa kumaliza ugomvi njiani.

Kwa hiyo, litakalofanyika bustanini mwenu ni sala, zaburi, pengine somo fupi, na watoto kugonga jiwe kwa fimbo. Hakuna kinachomwagwa, hakuna mizimu inayoitwa, na jiwe haliombwi chochote. Ninyi, ambao naamini mmelelewa kwenye usharika wa Kilutheri au parokia ya Kikatoliki, mtayatambua maneno karibu yote. Kama baada ya kusikia haya shemeji bado moyo unamkataza, dhamiri yake iheshimiwe. Amwombe kasisi nakala ya utaratibu wa ibada mapema ausome mwenyewe. Hilo litamsaidia kuliko maelezo yangu.

Huenda unajiuliza kwa nini jambo lililokuwa na uzito huo hulijui hata baada ya miaka ya kuishi huko. Ni kwa sababu kazi yake ilichukuliwa na karatasi. Mwaka 1834 uangalizi wa maskini ulihamishiwa kwenye miungano mikubwa ya parokia. Mwaka 1836 zaka za mazao ziligeuzwa kuwa malipo ya fedha, na kazi hiyo ilihitaji ramani za parokia nyingi nchini. Kisha sheria ya 1841 iliwapa wapimaji wa serikali, Ordnance Survey, mamlaka ya kuingia kwenye ardhi ya watu na kuthibitisha mipaka. Na hapa kuna jambo ninalolipenda sana. Wapimaji wale, pamoja na minyororo na darubini zao, hawakuweza kujua mpaka uko wapi. Kila parokia ilitoa mtu wa hapo anayeujua, mara nyingi mkulima mtu mzima, akatembea na mpimaji kutoka alama hadi alama, na mtu wa parokia jirani akatembea upande wake, wakikubaliana. Maelezo yao yakaandikwa kwenye vitabu ambavyo hadi leo vimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew. Mistari mingi ya nukta unayoiona kwenye ramani za zamani za Uingereza ilitoka kwenye miguu ya watu hao, na wao waliijua kwa kutembezwa wakiwa watoto. Ramani ilipokamilika, hakukuwa tena na haja ya kutembea. Mwaka 1868 ulipaji wa lazima wa kodi ya kanisa ukaondolewa, na parokia nyingi zikaacha kabisa.

Tangu hapo mambo yamezidi kugawanyika. Leo kuna parokia ya kanisa na kuna parokia ya kiraia yenye baraza lake dogo, na mipaka yake mara nyingi haifanani. Parokia za kanisa zimeunganishwa na kukatwa mara nyingi. Usishangae ukigundua kuwa jiwe lenu linaonyesha mstari ambao haugawi tena chochote. Pale ambapo mpaka wa kanisa bado una maana kwa mtu wa kawaida ni mambo mawili hivi: anayeishi ndani ya parokia ana haki ya kuomba kufunga ndoa kwenye kanisa lake, na baadhi ya shule za kanisa hutumia parokia kupanga nani apewe nafasi kwanza. Kwa kuwa mna mtoto kwenye shule hiyo, pengine mna mdogo wake anayefuata, tazama ramani ya parokia kwenye tovuti ya Kanisa la Uingereza ya kutafutia makanisa, mjue nyumba iko upande gani.

Zipo parokia zinazoendelea, na nyingine zimefufua desturi baada ya miaka mingi, kama inavyoelekea ni kwenu. Oxford, watu wa kanisa la St Michael at the North Gate hutembea Alhamisi ya Kupaa wakipita hadi ndani ya maduka, kwa kuwa mawe ya mpaka yamo humo, wakipiga alama kwa fimbo mbele ya wateja wenye vikapu. London, kanisa la All Hallows karibu na Mnara wa London lina mpaka wa kusini uliomo ndani ya mto Thames, hivyo hupanda mashua na vijana huyapiga maji. Kila baada ya miaka mitatu hukutana mpakani na watu wa Mnara, ambao nao wana mipaka yao, kukumbuka fujo zilizotokea kati yao mwaka 1698. Ng'ambo ya bahari desturi iligeuka sheria: huko Massachusetts, Marekani, wawakilishi wa miji jirani wanatakiwa kuikagua mipaka yao kila baada ya miaka mitano, na New Hampshire kila baada ya miaka saba. Walowezi wa Kiingereza walienda nayo.

Sasa maamuzi yenu. Je, mnaweza kukataa? Kasisi ameandika kuomba, na huo wenyewe ni ushahidi wa jinsi mambo yanavyoendeshwa leo. Haki ile ya zamani ilikuwepo, lakini sijui kasisi wa sasa ambaye angependa kuitumia dhidi ya familia isiyotaka. Mkikataa kwa adabu, watapita barabarani na kusali nje ya uzio. Mkikubali, hampotezi kitu: watu kupita mara moja kwa ruhusa yenu hakuwapi njia ya kudumu wala umiliki. Ushauri wangu ni mkubali, kwa barua, mkitaja kuwa mmewaruhusu kwa siku hiyo. Mmehamia mji ambao majirani wengi huenda hawajui hata majina yenu, na hii ni siku ambayo watakuja langoni kwenu kwa heshima. Lakini ni ushauri tu, uamuzi ni wa wenye nyumba.

Kuna jambo moja la kanisa na ardhi ambalo kweli limewahi kumgharimu mtu, nalitaja kwa sababu utalisikia na litakutisha. Baadhi ya ardhi za Uingereza, kwa historia ya zaka, zina wajibu wa kulipia matengenezo ya sehemu ya mbele ya kanisa la parokia. Wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, walishindwa kesi hiyo mwaka 2003 kwenye mahakama ya juu ya wakati ule, na bili yao ilifika karibu pauni laki mbili, mbali na gharama za mawakili. Wajibu huo haufuati jiwe la mpaka. Hufuata ardhi fulani fulani tu, na nyumba inaweza kuwa katikati ya parokia isiwe nao. Aidha, tangu tarehe 13 Oktoba 2013, kanisa ambalo halijauandikisha kwenye msajili wa ardhi kwa kawaida haliwezi kumdai mtu aliyenunua nyumba kwa fedha baada ya hapo. Ninyi mmenunua mwaka jana. Wakili aliyewashughulikia ununuzi bila shaka aliliangalia. Fungua bahasha yake ya nyaraka, na kama hulioni, mpigie simu umuulize. Ni swali la dakika tano kwake.

Kuhusu uzio, msichukulie kwamba jiwe ndilo mpaka wenu na jirani, na pia msichukulie kwamba silo. Mipaka ya parokia na ya viwanja wakati mwingine hulala mahali pamoja. Hata ramani iliyoambatana na hati yenu haionyeshi mstari kamili. Kwa sheria ya Uingereza huonyesha mpaka wa jumla tu, na hata unene wa wino wake ukiupeleka ardhini huchukua nafasi inayoonekana. Kama jirani ana shaka yoyote, zungumzeni kwanza, na mkishindwa kuelewana mwite mpima ardhi mwenye sifa za kitaaluma kabla ya wakili, maana ugomvi wa uzio Uingereza unaweza kula akiba yote ya familia.

Na kung'oa jiwe ni suala la pekee. Mawe mengi ya mpaka yamo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. Kama lenu limo, kulihamisha bila kibali ni kosa la jinai, na kusema fundi ndiye aliyenishauri hakutakusaidia. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya Historic England, taasisi ya kulinda urithi wa kale, unaweza kutafuta kwa jina la mji. Usipoliona, bado piga simu idara ya mipango ya halmashauri umuulize afisa wa uhifadhi, kwa sababu vitu vya zamani vilivyo kwenye eneo la jengo linalolindwa navyo huweza kuhusika. Uzio unaweza kupinda kidogo kwenye kona. Mafundi wanajua kufanya hivyo.

Kijana aende, kama mwenyewe anataka. Leo watoto hupiga jiwe, hawapigwi. Baadhi ya parokia bado humwinua mtoto mmoja na kumgusisha jiwe taratibu kwa mchezo, na hilo linahitaji ridhaa yako na ya mtoto mwenyewe. Kama hupendi, sema kabla ya siku yenyewe, wala usione haya. Kila parokia ya Kanisa la Uingereza inatakiwa kuwa na mtu anayesimamia ulinzi wa watoto, na jina lake hubandikwa kanisani. Mwendee ana kwa ana umuulize nani atawaongoza watoto, watavuka barabara zipi, na kama kuna maji njiani. Ukipata majibu ya kuzungushwa, au ukiambiwa watoto wamezoea tu, mwache nyumbani. Vinginevyo mfungie viatu vya matope na koti la mvua, kwa sababu Mei ya Uingereza haiaminiki.

Ukimjibu kasisi, muulize pia kama parokia ina kumbukumbu za matembezi ya mwaka 1821. Parokia nyingi zimeshapeleka vitabu vyao kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, ambako mtu yeyote anaweza kuomba kuvisoma bila malipo. Kama kitabu chenu kimesalimika, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimetaja alama moja moja pamoja na shamba la nani lilikuwa hapo, na hapo mtajua nani aliilima bustani yenu wakati jiwe lile linasimamishwa.